Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS: je, unaweza kushika nafasi ya mshahara mnono?

Mtu analipwa vizuri, ana miaka 45, ameanza kuhesabu siku za kuacha kazi. Ushauri anaopewa Dar es Salaam, Arusha au Mwanza ni uleule: weka UTT, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, kila mwezi wanakuingizia. Si ushauri mbaya. Tatizo ni kwamba hutolewa bila hesabu.

Mfuko wa Hatifungani ulianzishwa mwaka 2019, na sehemu kubwa ya fedha zake inalala kwenye hati fungani za serikali, yaani mikopo ambayo serikali inailipia riba, na akiba za mabenki. Unaingia kwa shilingi 50,000 ukichagua mpango wa kukuza mtaji. Ukitaka gawio la kila miezi sita unahitaji milioni 5, na la kila mwezi milioni 10. Huo wa kila mwezi ndio unaotajwa vijiweni, kwa sababu unafanana na mshahara: tarehe zinafika, simu inalia, fedha iko benki. Kwa upande huo mfuko unastahili sifa. Mtu aliyezoea kupanga maisha kwa mwezi hababaiki, na gawio linakuja bila kukatwa kodi, tofauti na akaunti ya muda maalumu ya benki ambayo riba yake inakatwa asilimia 10.

Lakini gawio si mshahara. Halipandishwi daraja, wala hakuna nyongeza ya mwaka. Kiwango chake hakijaandikwa popote kuwa ni cha kudumu, na ingawa kampuni ni ya serikali, hakuna dhamana ya serikali juu ya vipande vyako, yaani sehemu zako za mfuko.

Tuchukue kaya inayotumia milioni 2.5 kwa mwezi, yaani milioni 30 kwa mwaka. Wengi wanapiga hesabu hivi: gawio likiwa asilimia 12, milioni 250 zinatosha. Mwaka wa kwanza zinatosha kweli. Sasa weka mfumuko wa bei wa asilimia 4, ambao uko ndani ya lengo la Benki Kuu la asilimia 3 hadi 5. Baada ya miaka 15, shilingi milioni 1 itanunua vitu ambavyo leo vinanunuliwa kwa 555,000. Gawio ni lilelile, ila mchele, nauli na dawa vimeshakimbia.

Hesabu inayosimama ni hii: katika asilimia 12 unazopata, 4 zirudi kununua vipande vingine na ule 8 tu. Kwa hiyo milioni 30 gawanya kwa asilimia 8, unapata milioni 375. Tofauti ya milioni 125 ndiyo inayomtenga anayestaafu na anayepumzika miaka michache kabla ya kurudi kutafuta kazi. Kama lengo lako lilikuwa 250, bado hujafika, hata kama mshahara unakuchosha.

Wala zote 375 zisiingie huku. Mshindani mkubwa wa mfuko huu ni hati fungani yenyewe, ukiinunua moja kwa moja kwenye mnada wa Benki Kuu. Kuanzia milioni 1, kisha unaongeza kwa mafungu ya 100,000. Unafungua akaunti ya CDS, inayotunza hati zako kielektroniki, kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa, ukiwa na kitambulisho cha NIDA, picha na namba ya akaunti ya benki. Riba inalipwa kila miezi sita, na kwa hati za miaka mitatu kwenda juu haikatwi kodi ya zuio.

Ubora wake ni kufunga kiwango. Hati ya miaka 25 ilipoanza kutolewa mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95. Aprili 2022 kiwango cha hati mpya kilishushwa hadi 12.56. Aliyenunua ile ya kwanza anaendelea kulipwa 15.95 mpaka 2046, huku aliyechelewa mwaka mmoja akiambulia 12.56. Mfuko unachanganya hati za nyakati mbalimbali, kwa hiyo viwango vikishuka gawio linafuata polepole, na vikipanda linafuata polepole vilevile. Ni godoro zuri la kuangukia. Anayetaka kujua atalipwa nini akiwa na miaka 63 atalijua kwenye hati yake tu.

Mnadani watu wanaumia kwenye bei. Ukiomba bila kutaja bei, unauziwa kwa wastani wa bei za walioshinda. Tuseme wastani umetoka 104 kwa kila 100: hati ya milioni 100 yenye riba ya 12.56 utailipia milioni 104. Riba ni 12,560,000 kwa mwaka, sawa na asilimia 12.08 ya fedha uliyotoa, na hati ikiiva unarudishiwa milioni 100. Zile 4 hazirudi. Hivyo fedha iliyoko kwenye akaunti ya malipo iwe zaidi kidogo ya kiasi unachoomba. Fomu nayo ifike benki siku mbili tatu kabla ya mnada, maana tawi linaipeleka makao makuu na mnada haumsubiri mtu.

Ubaya wa hati ya moja kwa moja ni kutoka. Ukiihitaji fedha kabla ya muda unauza kwenye soko la Dar es Salaam kupitia dalali, unalipa kamisheni, na kama serikali imeshatoa hati mpya zenye riba kubwa kuliko yako, yako itauzwa kwa hasara. Hati ya miaka 25 isibebe fedha ya dharura hata kidogo.

Fedha ya dharura mahali pake ni Mfuko wa Ukwasi wa UTT hiyohiyo. Unaanza na 100,000, unaongeza kwa 10,000, hakuna ada ya kuingia wala kutoka, na fedha inatoka ndani ya siku 3 za kazi. Weka humo matumizi ya mwaka mzima, milioni 30 kwa kaya yetu ya mfano, nje ya zile 375.

Zile 375 tungezigawa hivi: 175 kwenye Hatifungani kwa gawio la kila mwezi, 200 kwenye hati za serikali za mnadani Benki Kuu. Kwa viwango vya mfano, upande wa kwanza unatoa 1,750,000 kwa mwezi, ya jikoni, umeme, maji na mafuta ya gari. Upande wa pili, kwa 12.56, unatoa milioni 25.12 kwa mwaka. Hapo chagua hati kwa miezi yake ya malipo. Inayolipa Januari na Julai inakutana uso kwa uso na ada za shule. Na zile asilimia 4 za kurudisha kwenye mtaji, yaani milioni 15 kwa mwaka, zitoe kwenye riba hizi, usizikate kwenye gawio la mwezi. Kujinyima 100,000 hapa na pale hakudumu. Kununua hati nyingine siku ileile riba kubwa inapoingia kunawezekana.

Mafao ya NSSF ni jambo la pembeni kwenye uchambuzi huu, lakini yanaharibu mipango mingi. Fao la kujitoa, la kuchukua michango yote ukiacha kazi, halipo tena tangu sheria ya 2018. Ukiacha kazi kwa hiari una miaka 45, pensheni yako inasubiri angalau miaka 55, na fao la kukosa ajira si la aliyejiuzulu mwenyewe. Ni miezi 120 ya kujitegemea. Angalia pia kama umefikisha michango ya miezi 180. Mwenye miezi 172 anayeandika barua leo anajifungia nje ya pensheni ya kila mwezi kwa sababu ya miezi minane, isipokuwa aendelee kuchangia kwa hiari. Chukua taarifa ya michango na uipitie mwezi kwa mwezi ukiwa bado kazini. Mwezi ambao mwajiri hakuwasilisha ni rahisi kuudai ukiwa unakutana na mhasibu kwenye ngazi kuliko ukiwa mgeni getini. Kiinua mgongo cha sheria, cha siku 7 kwa kila mwaka, nacho ni cha anayeachishwa, si cha anayeaga.

Madeni yatangulie. Mkopo wa mshahara wa asilimia 15 au 16 hauwezi kukaa nyumba moja na gawio la 12. Kila mwezi unapoteza tofauti. Tena soma mkataba, mingi inasema ajira ikikoma salio lote linadaiwa. Bima ya mkopo inazungumzia kifo na ulemavu, si kujiuzulu. Deni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu halifi pia: makato ya asilimia 15 kwenye mshahara yanakoma, wajibu wa kulipa unabaki. Bima ya afya ya mwajiri inaishia siku ya mwisho, kwa hiyo ya familia iwe imeshaanza kufanya kazi kabla, na gharama yake iwe ndani ya ile 2.5.

Kwenye fomu za UTT kosa la kawaida ni jina. NIDA inasema majina matatu, akaunti ya benki ina mawili, na la ndoa limeingia katikati. Gawio linagonga mwamba na kurudi. Linganisha herufi kwa herufi kabla ya kusaini. Usiweke akaunti ya mshahara kama ya kupokelea gawio ikiwa imefungwa na masharti ya mwajiri au mkopo. Mwenza ajue namba ya akaunti ya vipande na hati zilipo, maana warithi bila karatasi hizo wanaanzia mahakamani wakiwa mikono mitupu.

Na usikimbilie mpango wa kila mwezi mapema. Ukiwa na mshahara bado, nunua kwa mpango wa kukuza mtaji. Gawio linaloingia juu ya mshahara huishia kwenye tairi, harusi na bati za kijijini, na vipande vinabaki palepale. Fomu ya kubadili mpango ipelekwe wakati notisi ya kuacha kazi ya siku 28 inaanza kuhesabiwa, na Ukwasi ushike jikoni mpaka gawio la kwanza liingie.