Nimeirudia The Lexicon of Love ya ABC, safari hii kwenye santuri

Kaseti yangu ya albamu hii ya bendi ya ABC ilikuwa ya kudurufu, na aliyenirekodia hakupima utepe. Wimbo wa tisa ukikaribia kuisha, tak! kaseti imefika mwisho. Basi miaka yote nikaamini The Lexicon of Love ina nyimbo tisa. Mwezi uliopita nimeipata santuri yake, imeshatumika, ina mikwaruzo kidogo upande wa kwanza, lakini jalada lake bado zima. Nikakaa nayo usiku, nimevaa hedifoni, nyumba imelala.

Niseme ukweli: ujanani niliipenda kwa sababu inachezeka. Besi inasukuma, ngoma za David Palmer ni safi kama zimeoshwa, na mwimbaji Martin Fry na suti yake ya dhahabu inayometameta, nani hakutaka kuwa yeye? Maneno nilikuwa nayaruka tu. Sasa nimeyasikiliza, na karibu kila wimbo kuna mtu ameachwa. Date Stamp inayafanya mapenzi kuwa bidhaa ya dukani, yenye tarehe ya kuisha muda wake. Tulikuwa tukiicheza hiyo huku tunacheka!

ABC ni watu wa Sheffield, mji wa chuma huko Uingereza, na walianza kwa jina la Vice Versa wakipiga muziki mkavu wa mitambo ya kielektroniki. Albamu hii ya 1982 waliitengeneza na prodyuza Trevor Horn, na Horn akamwingiza Anne Dudley, mpiga kinanda ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 30, apange fidla. (Ndiye huyo huyo aliyechukua Oscar mwaka 1998 kwa muziki wa The Full Monty, filamu inayohusu wanaume wa Sheffield wasio na kazi. Mji ule ulimganda.)

Fidla hizo ndizo zilizonirudisha. Sikio langu limelelewa na taarab, ambako fidla haikai nyuma ya mwimbaji kama pazia. Inamjibu, na wakati mwingine inamsuta. Dudley anafanya jambo linalofanana na hilo. Fry anaimba kwa madaha, anapanga maneno kama mtu anayechana nywele mbele ya kioo, hataki kuonekana ameumia. Fidla zinamtoboa. Kwenye All of My Heart anaaga kistaarabu kabisa, kisha sauti yake inanyamaza na okestra inaendelea peke yake, ndefu, kama mtu aliyefunga mlango ndipo akaanza kulia. Kwenye kaseti nilikuwa napeleka mbele sehemu hiyo. Najionea aibu.

Si kila kitu kimezeeka vizuri. Tears Are Not Enough, ambayo ilitoka kwanza kama singo mwaka 1981 kisha ikarekodiwa upya kwa ajili ya albamu, bado naiona kavu ikiwa katikati ya wenzake. Na 4 Ever 2 Gether ina makelele mengi kuliko wimbo wenyewe. Poison Arrow, kinyume chake, haijapungua hata chembe. Pale katikati mwanamke anapomjibu Fry kwa sauti ya baridi, niliruka kwenye kiti ingawa nalijua jibu.

Anayetaka kuisikiliza kwenye simu asiiruhusu simu ichanganye mpangilio. Kama una uwezo wa kupata santuri, inunue. Besi inapumua zaidi.

Kuhusu wimbo wa kumi: unaitwa The Look of Love (Part Four), hauna mwimbaji, na hauzidi sana dakika moja. Ni ile tyuni ya The Look of Love aliyoiimba Fry, niliyoichezea disko, sasa imeachiwa okestra pekee, Fry hayupo kabisa. Nilinyanyua mkono wa sindano nikaurudisha. Nikaurudisha tena.