Mkanda wa sketi na shingo ya gauni: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Ukiingia duka la vifaa vya cherehani, iwe Kariakoo, Darajani au Biashara Street ya Mombasa, ukasema unataka kitu cha kukazia mkanda wa sketi, aghalabu muuzaji atakuwekea mezani kile kigumu kuliko vyote. Hana kosa. Wanunuzi wengi hukibonyeza, wakaona kinagoma kupinda, wakalipa. Lakini mkanda wa kiunoni hautaki ugumu, unataka kitu kisichovutika, na hayo ni mambo mawili mbalimbali. Utepe wa pamba wa bei ndogo hujikunja utakavyo, ila ukiuvuta hauongezeki. Na vipo vitambaa vya gundi, vile vya kukazia vinavyobandikwa ndani ya nguo kwa pasi, vigumu kweli kweli ambavyo ukivivuta kwa mikono miwili vinachanika. Cha kwanza kitaishikilia sketi mpaka uichoke mwenyewe. Cha pili kitakuchoma tumbo ukikaa kwenye daladala, na kikishafuliwa mara chache kitaanza kuachana na nguo.

Shingo nayo ina tatizo hilohilo. Duara lake hukatwa likipita kwenye mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa), kwenye mshindio (nyuzi za upana) na kwenye mshazari (kona kwa kona), na pale pa mshazari ndipo kitambaa kinapovutika. Ndiyo maana gauni lililokaa vizuri mezani likivaliwa huachama mbele au kulala bega moja.

Vifuatavyo nimevipanga kwa mshonaji wa nyumbani mwenye cherehani ya kawaida, asiye na ovaloki (mashine ya kukazia kingo), anayeshona kitenge, pamba nyepesi na mara mojamoja jezi, yaani kitambaa cha kuvutika kama cha fulana. Nimetazama kwanza kama kitu kinavutika, kisha kama kinastahimili kufuliwa, na bei mwisho. Fundi wa suti angepanga vingine.

Kiunoni

Nafasi ya kwanza naipa kitambaa cha gundi kilichofumwa, cha pamba, cha uzito wa kati. Kiinue kwenye mwanga: utaona nyuzi zikipishana, na upande mmoja una nukta za gundi. Nukta ziwe ndogo na zimesambaa sawasawa. Zikiwa kubwa, kwenye nguo nyepesi zitajionyesha kwa nje baada ya pasi, na zikipukutika ukizisugua kwa kidole, ujue gundi imezeeka dukani. Halafu kivute kwa urefu wa jora. Kikigoma, kinafaa.

Usinunue jina. Kitu kilekile utakisikia kikiitwa kanvasi duka hili, gamu duka la pili, stifu la tatu, na huenda kanvasi ya duka la nne ni kitu kingine kabisa. Nenda na kipande cha nguo unayoshona, kiweke juu ya unachouziwa, vikunje pamoja. Ukiona mkunjo tayari ni mgumu kama unavyotaka mkanda wako uwe, chukua chepesi zaidi, maana gundi ikishayeyuka huongeza ugumu.

Wanaolalamikia bei ya kilichofumwa hawajapiga hesabu ya mikanda. Mkanda wa kiuno cha sentimita 80, ukiongeza pa kupishana kifungo na akiba ya mshono, unataka kipande cha sentimita 90 hivi, kikatwe kwa urefu wa jora, yaani kufuata mtande. Upana wake, kwa mkanda unaokunjwa mara mbili, ni kama sentimita 8. Ukinunua mita moja ya kitambaa chenye upana wa sentimita 90 tu, unapata mikanda kumi na mmoja. Tofauti ya bei kati ya kizuri na kibaya, ukiigawa kwa sketi kumi na moja, haifiki hata bei ya zipu. Ila mtego uko kwenye mita hiyo: ukinunua nusu mita kwa kubana matumizi, utalazimika kukata kwa upana wa jora, kufuata mshindio, na mshindio huvutika kuliko mtande. Ni heri mita moja kamili kuliko nusu mita mara mbili.

Kabla ya kukibandika, kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu, kitandaze kikauke, usikipige pasi. Pamba hurudi ikifuliwa, hupungua urefu, na kama kilicho ndani kikirudi na cha nje kisirudi, mkanda hujaa malengelenge. Kitenge chenyewe kifuliwe pia. Wanga na ule mng'ao wa kiwandani huizuia gundi isishike, na lawama humwangukia muuzaji wa kitambaa cha gundi bure. Kama hujui kitenge chako ni pamba tupu au kina poliesta, choma uzi mmoja: pamba huacha jivu na harufu ya karatasi, poliesta huyeyuka na kuganda kijidonge kigumu. Cha poliesta kitataka pasi ya moto mdogo, na si kila gundi huyeyuka kwa moto mdogo, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande.

Pasi haivutwi. Inawekwa juu ya kitambaa chenye unyevu, inakandamizwa sekunde 10 hadi 15, inainuliwa, inahamishwa pembeni. Mwenye pasi ya mkaa anaweza kuifanya kazi hii vizuri tu, mradi ajaribu moto kwenye kipande kila anapoongeza mkaa. Ukimaliza, acha kipoe palepale. Ukikinyanyua kingali moto gundi haijashika, na hapo ndipo pembe zinapoanza kubanduka.

Nafasi ya pili, kwa nguo inayotaka kuvutika kiunoni, ni lastiki, na hapa watu hununua kwa upana wakasahau aina. Ziko tatu. Iliyosukwa utaijua kwa kuivuta: inapungua upana. Hiyo ni ya mikono ya blauzi na kofia za kuogea. Ukiipitisha sindano katikati hulegea, na kwenye sketi nzito haifai kitu. Iliyofumwa kwa mtindo wa sweta ni laini, haipungui upana sana, na unaweza kuishonea moja kwa moja kwenye nguo. Ni nzuri kwa nguo za kulalia na suruali za watoto. Iliyofumwa kama kitambaa, yenye mistari iliyosimama na inayogoma kidogo mkononi, ndiyo ya sketi ya kitenge yenye marinda. Ukipata hii ya upana wa sentimita 3 au 4, chukua, kwa sababu nyembamba hujiviringisha ndani ya mkanda na hakuna dawa yake isipokuwa kuifumua.

Dukani ivute mpaka ifike karibu mara mbili ya urefu wake, iachie, uilinganishe na ulipoanzia. Isiporudi ilipokuwa, au ukisikia inaalika kama kitu kinachokatika, ilikaa juani dirishani. Mpira na jua havipatani, wala mpira na dawa ya kung'arishia nguo. Kwa kipimo, toa sentimita 5 hadi 8 kwenye kiuno, uivae kwanza kwa pini kabla ya kukata, kwa kuwa lastiki mbili za upana mmoja hubana tofauti. Mfereji wake uwe mpana kuliko lastiki kwa nusu sentimita tu, kisha shona wima juu ya mishono ya ubavuni ili isizunguke.

Kwa sare za shule tafuta lastiki yenye matundu ya vifungo. Mtoto akikua unaachia tundu moja. Kama haipo madukani, suruali chakavu za watoto za mitumba mara nyingi zinayo ndani, nzima kabisa.

Ya tatu ni ribini yenye mistari ya upande kwa upande, ya upana wa sentimita 2.5, kwa sketi isiyo na mkanda wa nje. Inashonwa ukingoni mwa kiuno kisha inageuzwa ndani, haionekani, na haivutiki. Ikiwa kingo zake zina vijino vidogo badala ya kuwa zimenyooka, ni petasham halisi, ambayo kwa pasi ya mvuke hukubali kupinda ikafuata umbo la nyonga. Katika nchi za Ulaya ndiyo iliyoshikilia viuno vya sketi kwa miongo mingi. Kwetu si kila duka linayo, na za poliesta zinazofungia zawadi si sawa: zinateleza, na pasi ikizidi moto zinajikunja.

Nne, kile cha gundi kinachofanana na karatasi. Hakikufumwa, nyuzi zake zimegandamizwa pamoja tu. Kampuni ya Freudenberg ya Ujerumani ilianza kuuza kitambaa cha kukazia kisichofumwa kwa jina la Vlieseline mwaka 1948, na tangu hapo aina hii imeenea dunia nzima kwa kuwa ni rahisi, hakifumuki, na unakikata upande wowote. Kina kazi zake: mifuko, kofia, kola ya nguo ya sherehe isiyofuliwa kila wiki. Kwenye mkanda wa kiunoni kinavunjika pale unapopinda kila ukikaa, na mkunjo ukishaingia hautoki tena. Kama ndicho pekee kilichopo, nunua chepesi ubandike tabaka mbili badala ya kizito kimoja.

Mwisho kabisa kwa mshonaji wa nyumbani ni ile kanvasi ngumu inayouzwa ikiwa imekatwa vipande virefu vya mkanda wa suruali. Kwenye suruali ya kiofisi ya mwanamume inafaa sana. Kwenye sketi ya pamba inasimama peke yake wakati nguo inalala.

Halafu kuna cha bure, ambacho kwa kweli kingeweza kushika nafasi ya tatu: ukingo wa jora lenyewe, ule uliofumwa ukakazwa usifumuke. Ukikata nguo usiutupe. Vipande vya upana wa sentimita moja, vikishonwa ndani ya mshono wa kiuno au wa bega, vinazuia kuvutika sawasawa na utepe wa kununua, na vina rangi ya nguo yako tayari.

Shingoni

Kabla ya kununua chochote, pitisha cherehani kwenye duara la shingo mara tu ukishakata, mshono mmoja wa kawaida milimita 3 ndani ya akiba ya mshono, kutoka bega kuja katikati, kisha bega la pili kuja katikati. Asiyefanya hivi asimlaumu muuzaji wa bayasi, ule utepe wa kitambaa uliokatwa kwa mshazari.

Bayasi ndiyo ya kwanza, na ya kujikatia inaishinda ya kununua. Ya dukani mara nyingi ni mchanganyiko wa pamba na poliesta, ina wanga mwingi, na kwenye kona kali ya shingo haigeuki bila kukunjamana. Mraba wa sentimita 50 kwa 50 ukiukata kwa mshazari vipande vya upana wa sentimita 4 unakupa takriban mita 6 ukiviunganisha. Shingo ya mtu mzima hula sentimita 60 hadi 70, kwa hiyo mabaki ya kitenge kimoja yanatosha shingo nane. Ipige pasi ukiivuta kidogo kabla ya kushona, ili kuvutika kwake kuishie mezani. Ukiigeuza yote ndani, inakaa vizuri kwenye gauni la kila siku. Ukiiacha nje kwa rangi nyingine, ni pambo. Ukilazimika kununua, chagua ile ambayo ukiikunja kwa kidole kwenye duara haisimami ukingoni, na kama ni nyekundu au bluu iloweke kwanza pamoja na kitambaa cheupe.

Kipande cha ndani, kinachokatwa kwa umbo lilelile la shingo, nakiweka cha pili. Kinatoa shingo safi kuliko bayasi, hasa ya pembe nne au ya V, ila kinataka subira. Kipe upana wa sentimita 6, kibandike kitambaa cha gundi chepesi kilichofumwa (chepesi, si kile cha mkanda), kata akiba ya mshono iwe nyembamba, tia vipasuo vidogo kwenye duara, halafu shona akiba hiyo juu ya kipande cha ndani karibu kabisa na mshono. Huo mshono wa mwisho ndio unaorukwa, na ndio unaokizuia kisichungulie nje siku ya harusi ya watu. Kwenye V, weka na utepe mwembamba usiovutika pande zote mbili, kwa kuwa V yote iko mshazari.

Bitana nzima ni ya tatu, si kwa ubaya bali kwa gharama ya kitambaa. Kwa gauni la lesi au lisilo na mikono hakuna njia safi kuliko hiyo.

Jezi ina sheria zake. Usiibandike kitambaa cha gundi kilichofumwa, kitaizuia kuvutika na kichwa hakitapita. Nunua ribu (kitambaa cha mistari kinachovutika, kama cha shingo ya fulana), uikate robo tatu mpaka asilimia 85 ya mzunguko wa shingo kadiri inavyovutika, uivute wakati wa kushona. Ukiipima sawa na shingo, itasimama wima kama kola ya padri. Begani weka kipande cha utepe au ukingo wa jora, shingoni usiweke.

Za mwisho ni shingo zilizokwisha kudariziwa kiwandani, zinazouzwa kwa ajili ya madera na kaftani. Zinapendeza, zinafunika mshono usionyooka, na bado ziko chini kwa sababu nyingi ni poliesta nzito juu ya nguo nyepesi: nguo inaning'inia nyuma yake. Ukiipenda moja, ipime uzito mkononi pamoja na kitambaa chako. Ukiona kinavutwa chini, bandika kitambaa cha gundi chepesi nyuma ya eneo lote litakalobeba darizi, kizidi kwa sentimita 2 kila upande, ndipo ushone. Pasi ipite kwa nyuma tu, moto mdogo.