Klein Bonaire: kama meli yenu inatia nanga Kralendijk, msikose hii

Jamani hii ndo stop niliyoipenda kuliko zote za Karibiani. Meli inafunga mjini kabisa pale Kralendijk, mji mkuu wa kisiwa cha Bonaire, ukishuka unatembea tu, ukatafute boti ya kwenda Klein Bonaire, kisiwa kidogo hakina watu. Boti inawashusha kule mkondo wa maji unakotokea, mnavaa miwani na mrija, halafu maji yenyewe yanawabeba taratibu kando ya matumbawe mpaka No Name Beach, hupigi hata mateke. Nilimwona samaki pono anagugunia mwamba na mlio wake unausikia kabisa chini ya maji, kha! Kasa naye akapita zake karibu, tukamwacha apite, na ndo inavyotakiwa, bahari yote ile ni hifadhi tangu 1979 na matumbawe hayaguswi.

Kilichoniudhi ni vifaa vya kukodi, miwani ilikuwa inavuja, sasa kila saa unasimama kumwaga maji na samaki wanakupita, so kama unayo yako beba. Beba na maji ya kunywa na kofia, kule hamna duka, hamna choo, kivuli cha kutafuta. Malipo ni dola za Marekani.