Bastola ndogo kwa mwanamke mwenye umbo dogo: anza na kukoki, mengine baadaye

Lalamiko ni lile lile, liwe la mwenye duka Masasi, la wakala wa fedha Newala au la mnunuzi wa ufuta Nachingwea. Dada amehangaika na maombi, ameidhinishiwa, amepanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam na kurudi na bastola nzuri ya kung'aa. Akifika nyumbani, hawezi kuikoki, yaani kuvuta bamba la juu mpaka nyuma na kuliachia. Anavuta mpaka katikati, inamponyoka. Basi mume au kaka ndiye anayemkokia asubuhi, na bastola inashinda mkobani risasi ikiwa chemba (tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi iliyo tayari kufyatuliwa), kwa sababu mwenyewe hana nguvu ya kuitoa.

Wauzaji wanazungumzia uzito, rangi na idadi ya risasi. Hayo yameandikwa kwenye boksi, kila mtu anayasoma. Kasoro inayowaumiza wanawake wenye viganja vidogo ni ugumu wa slaidi, yaani lile bamba la juu unalolivuta nyuma. Nitakaa hapo kwa muda mrefu, maana mwanamke akikosea hapo, hakuna sifa nyingine itakayomfaa.

Watu wengi hudhani bastola ikiwa ndogo inakuwa laini. Ni kinyume chake. Risasi inapolipuka, slaidi husukumwa nyuma, na kazi ya kuizuia ni ya springi iliyo chini ya mtutu au inayouzunguka. Slaidi kubwa ina uzito wake unaosaidia kupunguza mwendo, na ina nafasi ndefu ya kusafiri. Slaidi fupi na nyepesi haina msaada huo, kwa hiyo kiwanda hulazimika kuweka springi kali. Halafu sehemu ya kushika yenyewe ni ndogo: vidole viwili au vitatu juu ya chuma chenye mafuta, mkono una jasho la Mtwara la mwezi wa kumi na mbili.

Kuna jambo la pili ambalo hata wauzaji wengi hawalijui. Bastola za mtindo wa Walther PPK, Bersa Thunder 380 na Makarov hazina kufuli kati ya mtutu na slaidi. Mtutu umekaa palepale, na kinachozuia slaidi isifunguke mapema ni uzito wake na ukali wa springi. Ndiyo maana PPK yenye risasi fupi ya kipimo cha .380 inaweza kuwa ngumu kukoki kuliko bastola kubwa ya 9 mm ambayo mtutu wake hufungana na slaidi. Dada anaambiwa "hii ni ndogo, ya kike," anapewa chuma kigumu kuliko vyote vilivyo kwenye kabati.

Hatari yenyewe iko wakati wa kutoa risasi zaidi kuliko wakati wa kufyatua. Ukiivuta slaidi nusu, ndoano ndogo ya pembeni huitoa risasi chemba kidogo, lakini risasi haifiki kwenye kile kijino kinachoirusha nje. Ukiachia, slaidi huirudisha palepale ilipotoka. Masikio yamesikia "klak-klak," macho yameona slaidi ikicheza, na moyo umeridhika kwamba bastola iko tupu. Haiko tupu. Mwanamke mwenye nguvu ya kuvuta nusu tu yuko hatarini kuliko yule asiyeweza kuvuta kabisa, kwa sababu huyu wa pili anajua hajafanya kitu.

Kosa jingine linalofanana na hilo ni kukoki kabla ya kutoa magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mshikio. Hapo hata ukivuta vizuri, risasi moja inatoka na nyingine inapanda. Mpangilio ni huu, na haubadiliki: kidole nje ya triga (kifyatulio), mtutu uelekee mahali salama (ndoo iliyojaa mchanga au gunia la mchanga linatosha, ukuta wa tofali hautoshi), toa magazini na iweke kando, koki mara tatu kwa kuvuta mpaka mwisho, kisha izuie slaidi nyuma kwa kitasa chake na uchungulie chemba. Ingiza na ncha ya kidole kidogo uhisi kwamba pametupu. Usiku umeme ukikatika, kidole ndicho jicho lako.

Sasa jaribio la dukani. Mwombe muuzaji akuoneshe kwanza kwamba bastola iko tupu, kisha hakikisha mwenyewe. Kiganja cha mkono wa kufyatulia kishike juu kabisa ya mshikio. Mkono mwingine usibane slaidi kwa kidole gumba na cha shahada kama unamenya korosho. Ufunike kwa juu, vidole vinne upande mmoja, nyama ya kiganja upande wa pili, nyuma ya lile tundu la kutolea maganda, wala usivuke kwenda mbele ya mtutu. Viwiko karibu na mbavu. Mkono wenye mshikio usukume mbele huku wa juu ukivuta nyuma, vyote kwa mara moja. Nguvu ya mabega ndiyo inayofanya kazi, vidole vinashikilia tu. Mtutu usigeuke kushoto ukimwelekea jirani. Viganja vidogo huwa na tabia hiyo.

Fanya hivyo mara kumi mfululizo. Pumzika, paka mikono mafuta kidogo ya kujipaka, futa kwa kanga, urudie mara kumi. Mara ya nane na ya tisa ndizo zinazosema kweli. Slaidi ikikuponyoka hata mara moja, hiyo siyo yako, hata kama muuzaji anasema italainika. Springi hulegea kidogo kwa matumizi, ila usinunue kwa ahadi hiyo.

Kama bastola ina nyundo ya nje, ivute nyundo nyuma kwanza ndipo ukoki, maana bila hivyo slaidi inabeba kazi mbili. Na bastola za ukoo wa CZ 75, ambazo ni bora kwa mengi, slaidi yake inatembea ndani ya fremu, kwa hiyo chuma cha kushika kinachobaki juu ni chembamba. Kwa kiganja kidogo hiyo ni taabu tupu.

Jaribu na triga. Ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada ikiwa katikati nyuma ya mshikio, nyama ya ncha ya kidole ifike triga bila kuuzungusha mkono pembeni. Ukilazimika kuuzungusha, teke lote, yaani msukumo wa nyuma bastola inapofyatuliwa, litaishia kwenye gumba, na risasi zitakwenda pembeni.

Haya ndiyo madaraja yangu.

Ya kwanza, na sifichi upendeleo wangu, ni Smith & Wesson M&P 380 Shield EZ, iliyotoka mwaka 2018. Ina nyundo iliyofichwa ndani, na hilo limewezesha kiwanda kutumia springi laini ya slaidi. Nyuma ya slaidi kuna matuta madogo pembeni yanayozuia vidole kuteleza. Hata magazini yake imemfikiria mwenye vidole vyembamba: ina kitufe cha kuvuta chini springi wakati wa kujaza, na inabeba risasi 8. Uzito wake ni kama gramu 525, mtutu unakaribia milimita 93, kwa hiyo si ndogo kuliko zote, na urefu huo ndio unaoipa ulaini. Kuifungua kwa usafi hakuhitaji kubonyeza triga. Kasoro yake: nyuma ya mshikio kuna sefti (kizuizi cha usalama) ambayo lazima kiganja kiibane ndipo ifyatue. Ukishika chini, haifanyi kazi. Ijaribu hiyo dukani pia, kwa kushika haraka.

Toleo lake la 9 mm, lililotoka 2020, ni zito na lina teke zaidi, lakini bado ni laini kukoki. Ukiuziwa la mkono wa pili, angalizo moja: Novemba 2020 kiwanda chenyewe kilitangaza kuyarudisha kwa ukaguzi matoleo ya 9 mm yaliyotengenezwa kati ya Machi na Oktoba mwaka huo, kwa sababu ya nyundo zilizokuwa na hitilafu. Muulize muuzaji namba ya silaha na ushahidi wa ukaguzi kabla ya neno lingine.

Ya pili ni Glock 42, ya mwaka 2014, risasi .380, magazini ya risasi 6. Nyembamba, nyepesi, inafichika chini ya dira bila kuchora umbo. Mtutu wake hufungana na slaidi, kwa hiyo hukokika kirahisi kuliko PPK ingawa ni ndogo. Haina sefti ya kidole, na ili kuifungua kwa usafi ni lazima ubonyeze triga, na risasi iliyosahauliwa chemba itafyatuka. Yale maelezo ya kuvuta nusu yasome tena ukiichagua hii. Ndugu yake Glock 43 ya 9 mm ina umbo linalokaribia hilo, lakini springi na teke ni habari nyingine. Kwa mkono mdogo siipendekezi kama bastola ya kwanza.

Ya tatu ni SIG Sauer P365-380 ya mwaka 2022. Risasi 10 kwenye kitu kidogo kiasi hicho ni kazi ya uhandisi ya kuheshimiwa, na slaidi yake ni laini kuliko ya P365 ya kwanza ya 9 mm. Imeshuka hadi ya tatu kwa sababu risasi za mwisho za magazini zinahitaji gumba lenye nguvu. Ukiinunua, dai na kifaa cha kujazia magazini.

Rivolva kama Smith & Wesson 642 hubeba risasi kwenye silinda inayozunguka, haina slaidi kabisa, na ndiyo maana wengi humshauri mwanamke achukue hiyo. Risasi 5, kama gramu 410. Kutoa risasi ni kufungua silinda na kuona kwa macho. Ila triga yake huvutwa kwa nguvu ya kilo 5 na zaidi, na wepesi wake hufanya teke liume. Dada mwenye arthritisi (ugonjwa wa viungo) ya viganja abonyeze triga mara 20 tupu dukani, kwa ruhusa, kabla ya kukata shauri.

Ruger LCP na nyingine za bei ya chini: nyepesi, ngumu kushika, zinauma mkono. Utafanya mazoezi mara moja tu, hutarudi.

Kabla ya kulipa, uliza risasi. Bastola tatu za juu zinatumia .380, inayoitwa pia 9 fupi, urefu wa ganda milimita 17. Ile 9 mm ya kawaida ni milimita 19, na ya Makarov ni 18 na kipenyo chake ni tofauti. Neno "tisa" peke yake halitoshi kaunta. Kama muuzaji hana uhakika wa kukupatia .380 mara kwa mara, bora ujue leo, uende kwenye EZ ya 9 mm.

Na hapa wauzaji wanaudhi. Mwanamke kutoka Kusini anasafiri zaidi ya kilomita 500, anavuka Daraja la Mkapa, anafika kaunta na kuambiwa "bidhaa haijaribiwi." Simu ya mkononi inawashwa, pikipiki inapigwa kiki, lakini silaha ya kulinda maisha inunuliwe kwa macho? Wengine wanataja bei bila magazini ya pili, kisha wanaiuza kando kwa bei ya kukomoa. Kuna wanaopandisha wakisikia lafudhi ya Kusini msimu wa minada ya korosho, wakidhani kila atokaye Mtwara ana malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mfukoni. Chukua bei kwa maandishi kwanza: bastola, magazini mbili, boksi, kodi. Asiyekubali ukoki mara kumi mbele yake, muage kwa heshima utoke.

Haraka haina nafasi hapa kwa sababu ya leseni. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, maombi huanzia serikali ya mtaa au kijiji na kupanda hadi polisi, na silaha yako inasajiliwa kwa namba yake. Ukishaandikishwa, kubadilisha si kama kubadilisha gauni. Anayekuahidi ya mkono kwa mkono, karatasi baadaye, anakuuzia kangomba, yaani magendo, na kosa litakuwa la kwako.

Ubebaji: holsta (ala ya bastola) ngumu inayofunika triga yote ndiyo sharti, iwe kiunoni chini ya dira au kwenye mkoba. Mkoba uwe na mfuko wake wa zipu usiotiwa kitu kingine, maana funguo au kalamu huingia kwenye triga. Juu ya bodaboda mkoba ukae mbele ya tumbo, kamba ikipita begani na kifuani. Nyumbani, boksi la chuma lenye kufuli, na ufunguo uwe kwako, siyo juu ya kabati ambako watoto wanapajua.

Chumvi nayo haina huruma. Kwa anayeishi Mikindani, Lindi mjini au Kilwa Masoko, futa slaidi na magazini kila wiki kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya silaha, na kila siku uliyotoka jasho. Usiihifadhi ndani ya holsta ya ngozi. Ngozi hunywa jasho na kulirudisha kwenye chuma usiku kucha. Kutu huanzia kwenye springi ya magazini na skrubu za shabaha, mahali ambapo huoni mpaka ufungue. Na usizidishe mafuta, maana hushika vumbi la barabara ya Nanyumbu, na slaidi uliyoichagua kwa ulaini wake itaanza tena kukukatalia.