Kujitolea Kisumu: kumlinda mnunuzi au kupatanisha majirani?

Anayetaka kujitolea mjini Kisumu ana njia mbili zinazokaribiana, ila zinadai tabia tofauti. Ya kwanza ni kuwalinda wanunuzi dhidi ya ulaghai, kazi inayosimama juu ya Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010, ambayo humpa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, kupewa taarifa, na kulipwa fidia akipata hasara. Sokoni Kibuye huanza na gorogoro, mkebe wa kupimia nafaka: uliobonyezwa kitako hupunguza mahindi konzi nzima, na mama aliyenunua hugundua akiwa nyumbani. Hapo mjitoleaji huegemea upande mmoja waziwazi. Humsaidia kuandika malalamiko, na humfundisha jirani kuangalia salio lake kabla ya kurudisha pesa zinazotajwa katika ujumbe bandia wa M-Pesa.

Msuluhishi hana ruhusa hiyo ya kuegemea. Ibara ya 159 inahimiza upatanisho na mbinu za kimila, mradi zisikiuke Sheria ya Haki, yaani sura ya Katiba inayotaja haki za kila mtu, na anayeketi kati ya majirani wanaogombania mpaka hulazimika kuwasikiliza wote wawili hadi mwisho, hata moyo wake ukiwa umeshaamua. Ni kazi ya jioni nyingi, nami naiona ngumu zaidi. Kwa kijana ningependekeza ile ya kwanza, kwa kuwa ya pili humtaka mtu ambaye pande zote zinamwamini tayari. Mashtaka ya unajisi wa watoto yasiletwe barazani kamwe: hayo ni ya polisi na mahakama.