TAHADHARI: Kuni "kavu" za pikapu Njoro na Nakuru karibu zituchomee nyumba

Watu wa Njoro, Nakuru mjini, Elburgon na Molo, hasa nyinyi wenye meko ya ukutani na baridi hii inayong'ata, someni kabla hamjatuma pesa kwa mtu. Kuna muuzaji anayezunguka na pikapu akitangaza "kuni za mkaratusi, kavu kabisa, zimekaa kivulini miezi kumi na minane". Nilinunua kwake mwezi Juni. Zilikuwa mbichi, na usiku mmoja wa Julai dohani yetu, chimni kama wengi tunavyoiita, ikashika moto.

Naanza na mbinu zake, maana huyu si tapeli wa kitoto.

Tangazo lina picha safi: kuni zimepangwa vizuri kando ya ukuta wa mabati, ncha zote zina nyufa kama nyayo za mtu asiyepaka mafuta. Ukipiga simu anakuita "mamangu" mpaka unaona haya kuuliza maswali. Bei yangu ilikuwa shilingi 8,000, nusu kwa M-Pesa kabla hajapakia, nusu akifika. Aliahidi saa nane mchana. Akafika saa moja kasorobo jioni, giza linaingia, manyunyu yameanza, na vijana wake wawili wanashusha hata kabla gari halijatulia. Wakati huo nilidhani amechelewa tu. Sasa naamini saa ile aliichagua.

Sikuwa mjinga kabisa. Nilimwambia nataka kuhakikisha zimekauka. Akatabasamu, akatoa mfukoni kipima unyevu, kile kidude chenye sindano mbili, akakichoma kwenye ncha ya ukuni wa juu kabisa. Kikasoma 15. "Mamangu, ukuni wa meko unatakiwa uwe chini ya asilimia 20. Hii ni biskuti." Hiyo 20 ni ya kweli, ndiyo inayopendekezwa, na ndiyo maana uongo wake uliingia vizuri. Nikalipa salio.

Nisichokijua ni kwamba ukuni hukauka kuanzia nchani. Maji hutoka haraka kwa kufuata nyuzi za mti, kwa hiyo ncha zinaweza kupasuka nyufa na kusoma 15 huku moyo wa gogo ungali mbichi kama umekatwa juzi. Na mti uliokatwa juzi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kipimo cha haki kinachukuliwa kwa kuchanja ukuni papo hapo na kuchoma sindano kwenye uso mpya wa ndani. Yeye anajua hilo kuliko mimi na wewe. Tena kuni kavu zilikuwa tabaka moja tu la juu.

Asubuhi mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Ahero, alitoka na kikombe chake cha chai, akaokota kuni mbili akazigonganisha. Huyu mama amekaanga samaki kwa kuni miaka mingi kuliko umri wa ndoa yangu. Kuni kavu hulia ko! ko! kama mwiko juu ya meza. Hizi zililia bub.

"Nyathina (mwanangu, kwa Kijaluo), hizi bado zinakunywa maji."

Nikamweleza habari za kipimo na sindano zake. Akanitazama, akamaliza chai yake, akaingia ndani. Heri ningemsikiliza.

Tulipoziwasha zilitoa povu nchani na kuchachatika, moshi ukajaa sebuleni, joto hakuna. Hapo nikafanya kosa ambalo ni langu, si la muuzaji. Kila jioni nilizisukuma kwa mabanzi makavu ya saiprasi kutoka kiwanda cha mbao na maboksi ya katoni. Moto ulilipuka dakika kumi, kisha kuni zikarudi kufuka. Wiki tano hivyo.

Fundi alinieleza baadaye kilichokuwa kikitokea juu. Joto la moto linaishia kuchemsha maji yaliyo ndani ya ukuni, kwa hiyo moshi unapanda ukiwa umepoa, umebeba mvuke na gesi za lami ambazo hazikuungua. Ukigusa kuta za dohani zilizo baridi, unaganda hapo. Gamba hilo huitwa kriosoti: mwanzoni ni masizi ya unga, baadaye huwa jeusi, linang'aa, gumu kama lami ya barabara iliyomwagika. Na linawaka vizuri mno. Kinachosubiriwa ni mwali mmoja mrefu, kama ule wa boksi la katoni.

Usiku ule nilidhani ni lori linapanda mlima. Mngurumo mzito ukutani, kisha mtoto akapiga kelele kwamba paa linatema cheche. Moto wa dohani unaweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Baba watoto alishakimbia kuchukua ndoo ya maji; jirani yetu, fundi wa mawe aliyestaafu, akamnyang'anya mlangoni. Maji kwenye mawe yenye joto lile hugeuka mvuke kwa kishindo, yanaweza kukuunguza na kupasua dohani nzima. Alichofanya ni kufunga kile kifuniko cha chuma kinachozuia hewa kupanda, akatutoa sote nje, tukapiga simu ya zimamoto. (999 au 112 kama huna namba ya kaunti.) Walipofika mngurumo ulikuwa umepungua, lakini walipanda darini na tochi kukagua mbao, na nawashukuru, kwa sababu moto hupenya kwenye nyufa za dohani na kulala ndani ya mbao saa nyingi kabla haujaonekana.

Dohani imepasuka mahali pawili. Masizi yaliyotolewa yalijaza karai mbili na nusu. Nakiri pia kwamba tangu tuhamie nyumba hii, mwaka wa tatu sasa, hatukuwahi kuisafisha hata mara moja, wakati inatakiwa angalau kila mwaka, kabla ya msimu wa baridi. Nyumba hizi za mawe za zamani tunazisifia kuta nene na kusahau bomba lililo katikati.

Kwa hiyo, ukinunua kwa yeyote: mwambie aje mchana au asije. Panda mwenyewe kwenye gari, vuta ukuni kutoka katikati ya mzigo, si juu, uchanjwe mbele yako, kisha weka ule uso mpya shavuni. Mbichi utausikia baridi na unyevunyevu. Kama ana kipimo, achome hapo. Akikataa shoka liguse kuni zake, mwache aende nazo. Usitume nusu ya pesa kwa mtu usiyejua hata anakotoka. Mimi namba yake haipatikani tena na ukurasa wake umenifungia.

La pili ni kalenda. Mtu anayekuuzia kuni kavu za bei rahisi Juni, baada ya masika, ana kazi ya kukueleza zilikaushwa wapi. Mkaratusi uliochanjwa vipande vidogo unahitaji miezi sita ikiwa una bahati ya jua, mara nyingi mwaka au zaidi, na huku kwetu juu mvua haituachii. Nunua Januari wakati wa jua, panga juu ya mbao zisiguse udongo, funika juu kwa bati na uache ubavuni upepo upite. Usizifunge zote kwa nailoni, zitaoza. Zangu za 8,000 nimezichanja upya na kuzipanga hivyo. Mama mkwe anasema tuonane mwakani.

Juzi shemeji yangu wa Lanet alinitumia tangazo akiuliza kama kuni hizi ni nzuri. Jina la ukurasa ni jipya. Picha ni ileile: ukuta wa mabati, pipa la bluu upande wa kushoto, kuku mweupe amesimama juu ya kuni. Bei sasa ni 9,000.