Mihadhara mitatu ya jioni kuhusu Misri ya kale: uzoefu wangu

Mihadhara hii ilifanyika London, imeandaliwa na chama cha wapenzi wa akiolojia. Kila jioni ni saa nzima ya kusikiliza, kisha dakika 20 za maswali.

Wa kwanza peke yake ulitosha kulipia yote. Ulihusu mafunjo (karatasi za kale za Misri) ya Wadi al-Jarf, yaliyopatikana mwaka 2013 na timu ya Pierre Tallet kwenye pwani ya Bahari ya Shamu. Humo mna shajara ya Merer, kiongozi wa kikosi cha watu wapatao 40 waliosafirisha kwa mashua mawe ya chokaa kutoka machimbo ya Tura hadi Giza zama za Farao Khufu, mwenye piramidi kuu, safari mbili au tatu kila siku kumi. Mhadhiri alikuza ukurasa mmoja akatusomesha: siku zimepangwa juu, na chini ya kila siku kazi iliyofanywa na mahali walipolala. Kisha akaja kwenye tarehe, ambapo wengi huteleza. Maandishi yanataja mwaka unaofuata hesabu ya 13 ya ng'ombe, yaani sensa ya mifugo ambayo Wamisri waliitumia kutaja miaka ya mfalme. Ikiwa hesabu ilifanyika kila baada ya miaka miwili, huo ni mwaka wa 26 au 27 wa utawala wa Khufu. Ikiwa ilikuwa ya kila mwaka, ni kama wa 14 tu. Alizieleza njia zote mbili, hakuficha kwamba ya pili ipo.

Wa pili, wa kifo cha Farao Tutankhamun, ulinikera. Mhadhiri alirudia hadithi kwamba aliuawa kwa pigo la kisogoni, inayotokana na picha za eksirei za 1968, kana kwamba uchunguzi wa CT (picha za tabaka za mwili) wa 2005 haukufanyika. Uchunguzi huo haukuona dalili ya pigo. Ulichoona ni paja la kushoto lililovunjika. Akamalizia kwa malaria kuwa ndiyo iliyomuua, wakati utafiti wa vinasaba wa 2010 uliitaja pamoja na ugonjwa wa mifupa, tena kama uwezekano. Mti wa ukoo aliouonyesha ulikuwa na herufi ndogo mno. Kuanzia safu ya nne ya viti hausomeki.

Wa tatu ulikuwa wa vyungu, na vigae vilipitishwa mkono kwa mkono. Mwanaakiolojia Flinders Petrie alipanga makaburi yapatayo 900 kwa kufuatana kutoka ya zamani hadi ya karibuni, kwa kulinganisha vyungu, bila tarehe hata moja, akazipa hatua namba kuanzia 30 ili za chini zibaki kwa vya zamani zaidi vitakavyogunduliwa baadaye. Ukishika kigae chenye mshikio wa mawimbi, kisha kingine ambacho mshikio umebaki mchirizi wa pambo tu, mfumo wake unauelewa papo hapo.

Ukienda, kaa safu tatu za mbele na uchukue jedwali la nasaba za mafarao, maana kila mhadhiri ana tarehe zake. Anayefuatilia kwa intaneti asitegemee maswali: maikrofoni ni moja, mbele kwa mhadhiri, na ukumbini hakuna anayerudia swali. Hasara si kubwa, kwani la viumbe wa sayari nyingine kujenga piramidi liliulizwa jioni zote tatu.